Soko wa Kabambare na Kimputu wa Kasongo: Majina, Maandishi na Mabadiliko ya Uainishaji wa Viumbe

Utangulizi

Uainishaji wa viumbe hai hufundishwa katika shule na vyuo vingi vya Afrika ya Mashariki kana kwamba ni orodha iliyokwisha kamilika. Mwanafunzi hupewa himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi, akazikariri, kisha akaulizwa katika mtihani. Ni nadra kuelezwa kuwa orodha hiyo ina historia, kuwa imevunjwa na kujengwa upya mara nyingi, na kuwa baadhi ya mawe yaliyoijengea yalichukuliwa katika vijiji vya bara la Afrika. Matokeo yake ni kwamba mtaalamu wa istilahi anapotafuta neno la Kiswahili kwa ajili ya kiumbe fulani, hulitafuta kama mtu anayebandika kibandiko kwenye chupa iliyokwisha jazwa na wengine.

Makala haya yanahakiki maandishi mawili yaliyotokana na kusini mwa Maniema, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Andishi la kwanza ni shajara za David Livingstone zilizoandikwa Kabambare na viungani mwake kati ya 1869 na 1871, zikachapishwa London mwaka 1874. Andishi la pili ni ripoti ya Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd kuhusu homa ya papasi, iliyotoka mwaka 1905, mwaka ambao Dutton alifia Kasongo. La kwanza linahusu mnyama mkubwa anayeitwa soko. La pili linahusu kiumbe kidogo kisichoonekana bila hadubini, na kupe anayekibeba, ambaye katika maandishi ya kitabibu ya Kongo ameitwa kimputu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika visa vyote viwili jina la kisayansi ndilo lililohamahama, na jina la wenyeji ndilo lililobaki mahali pake. Hata hivyo, kubaki mahali pamoja si sawa na kuwa sahihi, na mhakiki hana budi kuzitenganisha sifa hizo mbili.

Kabambare: mnyama katika shajara

Livingstone aliingia Kabambare, ambako katika maandishi yake anakuita Bambarre, mnamo Septemba 1869, akifuatana na msafara wa mfanyabiashara Muhamad Bogharib. Alitoka mara mbili kuitafuta njia ya kufika Lualaba, na mara zote mbili akarudi. Kuanzia Julai 1870 hadi katikati ya Februari 1871 alikaa hapo, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea. Kwa hiyo kurasa za soko ni za mtu aliyelazimika kutulia, akisikiliza habari zinazoletwa na wawindaji na wapagazi. Jambo hili lina uzito kwa anayezisoma kama andishi. Sehemu kubwa ya anachokisema Livingstone kuhusu mnyama huyo ni masimulizi ya Wamanyema yaliyopitia katika kalamu yake, ingawa msomaji wa haraka hudhani kuwa ni ushuhuda wa macho.

Mnamo Agosti 1870 anaeleza jinsi soko wanne walivyouawa kwa mikuki baada ya moto wa nyika kuwafukuza kutoka maficho yao. Hapo anatumia majina mawili, gorila na soko, kana kwamba ni mamoja. Anausawiri uso wa mnyama huyo kwa maneno ya chuki, akiufananisha na picha ya shetani. Kisha anaorodhesha tabia alizosimuliwa: kwamba soko huiba watoto wa watu, kwamba humshika mwindaji na kumng’ata vidole bila kumuua, kwamba hukusanyika na kupiga mlio kama wa ngoma, ambao wengine walisema hutolewa kwa kupiga miti yenye mvungu. Anaongeza kuwa baadhi ya watu waliamini kwamba maiti waliozikwa hufufuka wakiwa soko, na kwamba wengine walimla nyama.

Sauti ya andishi inabadilika pale Livingstone anapopewa zawadi ya soko mchanga wa kike na mfanyabiashara aitwaye Katomba mwaka 1871. Hapa shetani anatoweka. Anabaki mtoto anayenyosha mkono ili abebwe, anayekunja uso na kulia akikataliwa, na anayejifunika kwa majani au mkeka anapotaka kulala. Ni mwandishi yule yule na mnyama wa aina ile ile, lakini kilichobadilika ni umbali. Katika kisa cha uwindaji mnyama anapimwa kwa sura ya mzoga na kwa hofu ya wasimulizi. Katika kisa cha Katomba anapimwa kwa mwenendo wake akiwa hai. Mkabala huu wa pili ndio ambao sayansi ya nyani wakubwa ilikuja kuutegemea karibu miaka tisini baadaye, ng’ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, pale Jane Goodall alipoanza kazi Gombe mwaka 1960 na Toshisada Nishida alipoanza Mahale mwaka 1965. Wawili hao walikaa miaka mingi karibu na wanyama walio hai, na hapo ndipo tabia zilipoanza kuhesabiwa pamoja na fuvu na meno.

Kuna suala jingine la kimatini. Akiwa Maniema Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino alioutengeneza kutokana na mimea, na maandishi hayo yalififia hata yasisomeke. Kitabu cha mwaka 1874 kilihaririwa na kasisi Horace Waller baada ya kifo cha mwandishi, na kwa zaidi ya karne moja ndicho kilichosomwa kama sauti ya Livingstone mwenyewe. Mradi ulioongozwa na Adrian Wisnicki, uliotumia picha za mianga mbalimbali na kuchapisha shajara ya nyikani ya 1871 katika mwaka 2011, ulionyesha kuwa kati ya maandishi ya awali na kitabu kilichochapishwa mna tofauti zisizopuuzika. Kwa hiyo anayelichukua neno moja kutoka katika kitabu cha Waller na kulijengea hoja ya kizuolojia au ya kiisimu anajenga juu ya tabaka tatu: msimulizi wa Kimanyema, Livingstone, na Waller.

Ushahidi wa Susi na Chuma

Tabaka la nne mara nyingi husahauliwa. Abdulla Susi na James Chuma, waliousafirisha mwili wa Livingstone hadi pwani, walipelekwa Uingereza mwaka 1874 na kumsaidia Waller kuzifasiri shajara. Katika maelezo ya mhariri inatajwa kuwa walionyeshwa gorila aliyekaushwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, nao wakasema kuwa huyo siye soko waliyemjua Maniema.

Tukio hili dogo linastahili kupewa nafasi kubwa kuliko lile andishi lenyewe linavyolipa. Kilichofanyika mbele ya kile kioo ni kazi ya uainishaji kwa maana yake kamili: watu waliomwona mnyama akiwa hai porini walilinganishwa na sampuli iliyohifadhiwa, wakatoa hukumu ya kukataa. Hukumu hiyo ilikuwa sahihi kuliko kalamu ya mwajiri wao, aliyelitumia jina la gorila kama kisawe. Sifa zinazotajwa katika shajara, hasa mikusanyiko yenye kelele na kupiga miti kama ngoma, zinaafikiana na mnyama anayeitwa leo sokwe mtu. Livingstone hakukosea kwa ujinga. Tangu Paul du Chaillu alipochapisha habari za Gaboni mwaka 1861, msomaji wa Kiingereza aliyesikia habari ya nyani mkubwa na mkali wa Afrika alimfikiria gorila. Jina lilikuwa limemtangulia mnyama.

Hata hivyo, Susi na Chuma hawakuingizwa katika orodha yoyote ya wanasayansi. Ushahidi wao ulitumika, lakini ukaachwa katika maelezo ya mhariri. Aidha, hakuna spishi iliyopewa jina lao, ilhali majina ya Kilatini ya wanyama wa eneo hili yamejaa majina ya Wazungu waliokusanya mafuvu au waliolipia misafara.

Jina la kisayansi lisilotulia

Inafaa sasa kuuliza soko wa Kabambare aliwekwa wapi na wataalamu wa zama hizo. Jibu linahitaji historia fupi.

Carl Linnaeus, katika toleo la kwanza la kitabu chake la mwaka 1735, alimweka binadamu pamoja na nyani katika kundi moja aliloliita Anthropomorpha. Katika toleo la kumi la mwaka 1758 kundi hilo likawa Primates, na humo alitaja hata kiumbe aitwaye Homo troglodytes, aliyeundwa kwa kuchanganya habari za wasafiri, nyani, na watu. Blumenbach alimpa sokwe mtu jina la spishi troglodytes katika miaka ya 1770. Geoffroy Saint-Hilaire akaunda jenasi Troglodytes mwaka 1812, lakini jina hilo lilikuwa limekwisha chukuliwa mwaka 1809 na ndege mdogo wa Ulaya na Marekani. Wengine wakatumia Anthropopithecus. Jina Pan, lililotolewa na Lorenz Oken mwaka 1816, lilizozaniwa kwa sababu kitabu chake hakikufuata kanuni za kutoa majina, na ilibidi Tume ya Kimataifa ya majina ya wanyama ilihalalishe rasmi mwaka 1985. Kwa kipindi cha miaka zaidi ya mia mbili, basi, sayansi haikuwa na jina moja lililokubalika kwa jenasi ya mnyama ambaye mwindaji wa Kabambare alimwita soko bila kusita.

Gorila naye alipoelezwa na Savage na Wyman mwaka 1847 aliitwa Troglodytes gorilla, yaani aliwekwa jenasi moja na sokwe mtu. Alipewa jenasi yake mwaka 1852. Sokwe mtu wa mashariki, ambaye ndiye wa Maniema, alipewa jina schweinfurthii na Mwitalia Giglioli mwaka 1872, kwa heshima ya Mjerumani Georg Schweinfurth. Huo ni mwaka mmoja baada ya Livingstone kuondoka Kabambare, na miaka miwili kabla ya shajara zake kuchapishwa. Mwaka 1887 Noack alitoa jina jingine, marungensis, kwa sokwe wa Marungu upande wa kusini-mashariki. Baadaye jina hilo lilimezwa na schweinfurthii, lakini mwaka 2005 Colin Groves alipendekeza lifufuliwe. Gorila wa mashariki wakapewa jina beringei mwaka 1903 na graueri mwaka 1914, yote mawili na Paul Matschie, mtaalamu wa Berlin aliyekuwa mwepesi wa kuona spishi mpya katika kila fuvu. Mwaka 1929 Harold Coolidge aliwakusanya gorila wote katika spishi moja. Kufikia mwanzo wa karne ya 21, baada ya kazi ya Groves, wamegawanywa tena katika spishi mbili.

Mtu anaweza kusema kuwa mabadiliko haya ni ugomvi wa majina tu. Sivyo. Nyuma yake kuna mabadiliko ya swali lenyewe. Linnaeus aliuliza: kiumbe huyu anafanana na nani? Baada ya Darwin swali likawa: kiumbe huyu ametokana na nani? Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya binadamu kilitoka London tarehe 24 Februari 1871, siku chache tu baada ya Livingstone kuondoka Kabambare. Humo Darwin alihoji kuwa jamaa wa karibu zaidi wa binadamu ni nyani wakubwa wa Afrika. Lakini orodha rasmi haikuifuata hoja hiyo kwa muda mrefu. Hadi katikati ya karne ya 20 sokwe mtu, gorila na orangutangu waliwekwa katika familia moja, Pongidae, na binadamu akabaki peke yake katika Hominidae. Mfumo huo ulipima kufanana kwa nje, ukampa binadamu chumba cha pekee.

Ukuta huo ulibomolewa kwa vipimo vya protini na damu, kuanzia kazi za Morris Goodman mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha kwa vipimo vya DNA. Hali kadhalika, mbinu ya Willi Hennig, iliyotolewa kwa Kijerumani mwaka 1950, ilidai kuwa kundi halali ni lile linalokusanya wazao wote wa mzazi mmoja. Kwa kigezo hicho Pongidae haikuweza kusimama, kwa sababu sokwe mtu ana undugu wa karibu zaidi na binadamu kuliko alio nao na gorila. Leo wote wamo katika Hominidae.

Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo mnyama huyu huitwa sokomutu, na katika Kiswahili cha Tanzania ni sokwe mtu. Ni rahisi kwa mhakiki mwenye shauku kudai kuwa jina hilo liliitangulia sayansi. Dai hilo halikubaliki. Neno mtu katika jina hilo linaeleza sura na mwenendo, si nasaba. Na imani kuwa wafu hufufuka wakiwa soko si nadharia ya mageuko. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kidogo zaidi, na bado kina uzito: walioliunda jina hilo walikataa kumweka mnyama huyu mbali na binadamu, katika zama ambapo orodha rasmi iling’ang’ania kumweka mbali. Walikuwa na sababu tofauti na za Goodman, wakafika jirani na pale alipofika.

Kufanana kwa soko, sokwe na sokomutu nako hakutoshi kuthibitisha mwelekeo wa safari ya neno. Misafara iliyokipeleka Kiswahili kutoka Unguja hadi Kasongo ya Tippu Tip ilirudi na pembe, watumwa, na bila shaka maneno. Desturi ya kukiona Kiswahili cha Maniema, kilichoitwa Kingwana, kama tawi lililopokea tu kutoka shina la pwani inahitaji kutiliwa shaka, na jina la mnyama asiyeishi katika pwani ya Kiswahili ni mahali pazuri pa kuanzia shaka hiyo.

Kasongo: kiumbe kisichoonekana

Miaka thelathini na minne baada ya Livingstone, Kasongo ilipokea wageni wa namna nyingine. Dutton na Todd walikuwa wametumwa na Shule ya Tiba ya Kitropiki ya Liverpool kuchunguza malale katika Dola Huru ya Kongo. Dutton ndiye aliyekuwa amekitambua kimelea cha malale katika damu ya mgonjwa huko Gambia na kukipa jina Trypanosoma gambiense mwaka 1902. Katika sehemu ya mashariki ya Kongo walikumbana na ugonjwa mwingine, homa inayoshuka kisha kurudi, ambayo wenyeji na wafanyabiashara waliihusisha na kupe wa nyumbani. Wote wawili waliugua. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905.

Ripoti yao ilithibitisha kwa majaribio kuwa kupe huyo hukibeba kiumbe chembamba kilichojizungusha kama parafujo, na kuwa kima walioumwa na kupe waliugua. Ilionyesha pia kuwa kupe wachanga waliotokana na mayai ya mama mwenye maambukizo wanaweza kuuambukiza ugonjwa. Karibu wakati huo huo Ross na Milne waliufikia uamuzi wa aina hiyo Uganda, na Robert Koch akaendelea na uchunguzi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ikumbukwe kuwa uhusiano wa kupe na homa haukugunduliwa na wanasayansi hawa. Wao waliuthibitisha, wakaonyesha njia yake. Waliokuwa wakikwepa kulala katika vibanda vya zamani vya misafara walikuwa na maarifa hayo kabla yao.

Kiumbe huyo kilipewa jina la Dutton mwaka 1906 na Novy na Knapp. Tangu hapo jina duttoni, leo duttonii, limehamishwa kutoka jenasi hadi jenasi: Spirillum, Spirochaeta, Treponema, na hatimaye Borrelia, jenasi iliyoundwa mwaka 1907 kwa heshima ya Amédée Borrel. Mwaka 2014 Adeolu na Gupta walipendekeza jenasi hiyo igawanywe, homa za kujirudia zibaki na Borrelia, na viini vya ugonjwa wa Lyme viitwe Borreliella. Pendekezo hilo limepingwa na madaktari na watafiti wengi. Kabla ya hapo, mwaka 2008, uchambuzi wa jenomu ulikuwa umeonyesha kuwa kiini cha homa inayoenezwa na chawa, Borrelia recurrentis, ni kama toleo lililopunguzwa la duttonii, hata mpaka kati ya spishi hizo mbili ukawa mwembamba.

Mabadiliko makubwa zaidi yako juu ya jenasi. Dutton alipokufa, viumbe viligawanywa bado katika himaya mbili, mimea na wanyama. Ernst Haeckel alikuwa amependekeza himaya ya tatu, Protista, mwaka 1866, lakini wengi hawakumfuata. Bakteria walihesabiwa kuwa mimea ya daraja la chini, jamaa wa kuvu. Spiroketa, kwa kuwa hujipinda na kuogelea, walidhaniwa na wataalamu wengine kuwa wanyama wa seli moja. Fritz Schaudinn alifikia hata kuwaunganisha na tripanosoma. Kwa hiyo kiumbe kilichomuua Dutton kilikuwa mmea kwa mtaalamu mmoja na mnyama kwa mwingine. Herbert Copeland mwaka 1938 alikitengea himaya kundi hili la viumbe visivyo na kiini cha seli. Robert Whittaker mwaka 1969 alieneza mpango wa himaya tano, ambamo bakteria wote ni Monera na kuvu wana himaya yao. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, kwa kulinganisha RNA ya ribosomu, walionyesha kuwa viumbe visivyo na kiini si kundi moja. Mwaka 1990 Woese, Kandler na Wheelis wakapendekeza domeni tatu: Bacteria, Archaea na Eucarya. Katika muda wa miaka themanini na mitano, kiumbe cha Kasongo kilihama kutoka mpaka wa mimea na wanyama hadi kwenye domeni iliyo mbali na vyote viwili kuliko mwanadamu alivyo mbali na uyoga.

Kupe mwenyewe hakusalimika. Alielezwa na Murray mwaka 1877 kama Argas moubata, kutokana na sampuli za Angola na jina la kienyeji la huko, kisha akahamishiwa Ornithodoros. Mwaka 1962 Walton alionyesha kuwa jina moubata lilikuwa limefunika spishi kadhaa. Hapa jina la Kiafrika lilipita mlango wa Kilatini, lakini likawa jina la wote kwa kosa la kudhani kuwa wote ni mmoja.

Ngeli za sarufi na himaya za viumbe

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili mjadala huu haukomei katika biolojia. Neno ngeli linalotumika kwa daraja mojawapo la uainishaji wa viumbe ndilo lile lile la sarufi, na sarufi ya Kiswahili ina uainishaji wake wa uhai. Jina la kiumbe mwenye uhai na mwendo huchukua upatanisho wa a-/wa-, hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Kimputu ana umbo la ki-/vi-, lakini kimputu huyu anauma. Mmea una uhai lakini haupewi upatanisho huo. Kwa hiyo mpaka wa sarufi hauko kati ya chenye uhai na kisicho na uhai. Uko kati ya anayejiendea na kisichojiendea. Huo ndio mpaka wa himaya mbili uliotawala Ulaya tangu Linnaeus.

Je, bakteria wawekwe wapi? Waandishi wengine huandika bakteria hawa, wengine bakteria hizi. Kwa virusi hali ni hiyo hiyo: virusi hivi, virusi hawa. Mhariri husahihisha bila kusema kanuni. Kusitasita huko si uzembe wa lugha. Ni alama kuwa lugha imekutana na kiumbe ambacho mpaka wake wa zamani haukukiona, kama vile Schaudinn na wenzake walivyokutana nacho. Tofauti ni kwamba wanasayansi waliubomoa mpango wa himaya mbili, na wanasarufi bado hawajalijadili suala hilo kwa uwazi unaostahili.

Neno mdudu nalo hukosolewa kwa kuwa linakusanya inzi, kupe, mnyoo na hata vijidudu vya maradhi. Kwa kipimo cha faila, kosa lipo, kwani kupe ana miguu minane na si jamaa wa inzi bali wa buibui. Lakini mdudu si jina la nasaba. Ni jina la uhusiano wa kiumbe kidogo na mtu, kinachomwuma, kumwudhi au kumwambukiza. Kulidai liwe kisawe cha neno la kizuolojia ni kulitwisha mzigo ambao halikuundwa kuubeba.

Hapo ndipo udhaifu wa kamusi nyingi unapojitokeza. Kumfafanua sokwe kwa kusema ni nyani mkubwa ni kumrudisha kwenye orodha ya zamani, maana nyani wa nyika ana mkia na yuko mbali na sokwe kinasaba kuliko sokwe alivyo na binadamu. Kulitumia neno sokwe kwa gorila na kwa sokwe mtu bila kubainisha ni kuurudia utata wa Livingstone wa Agosti 1870, ule ambao Susi na Chuma waliuondoa. Utata huo una gharama. Wanyama wote wawili wako hatarini, gorila wa Grauer akiwa ameorodheshwa tangu 2016 miongoni mwa walio hatarini kabisa kutoweka, na tangazo la uhifadhi lisilosema ni yupi haliwezi kumwongoza askari wa hifadhi wala mwanakijiji. Vivyo hivyo, kijitabu cha afya kinachosema papasi peke yake, pasipo kumtaja kimputu, kimeandikwa kwa msomaji wa Tabora zaidi kuliko wa Kasongo.

Hitimisho

Maandishi ya Kabambare na Kasongo yanaonyesha kuwa jina la kisayansi ni hoja iliyofupishwa. Linasema: kwa ushahidi uliopo sasa, kiumbe huyu ni jamaa wa wale. Ushahidi ukibadilika, jina hubadilika, na hilo ni nguvu ya sayansi, si aibu yake. Jina la wenyeji ni hoja ya namna nyingine: linasema kiumbe huyu anaishi nasi hivi, anaonekana hivi, anadhuru hivi. Ubora wa la kwanza ni kwamba linasahihishika. Ubora wa la pili ni kwamba linamrudisha mtafiti kwa kiumbe mwenyewe hata orodha inapovurugika.

Kisa cha karibuni kinaonyesha kuwa majina hayo mawili yanaweza kutembea pamoja. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika bonde la Lomami walimwona huko Opala kima aliyefugwa, ambaye wenyeji walimwita lesula. Mwaka 2012 alitangazwa kuwa spishi mpya, Cercopithecus lomamiensis. Mto uliingia katika jina la Kilatini, na lesula likabaki jina la kawaida katika lugha zote zinazomtaja. Hakuna aliyelazimika kuchagua.

Kazi iliyo mbele ya wanaleksikografia wa Kiswahili ni ya subira. Kidahizo cha kiumbe kinapaswa kusema jina linatumika wapi, linamhusu kiumbe yupi kati ya wanaofanana, na jina la Kilatini linaloambatana nalo ni la mpango wa mwaka gani. Soko, sokomutu, papasi na kimputu wanastahili kuingia kamusini wakiwa na mahali pao, kwa jina la Maniema kama kwa jina la Unguja.